Kitambaa Juu ya Kompyuta

Sebule ya mama yangu, katika mtaa wa Skuta pale Nyeri, haikujengewa watu wanaoishi katika nyumba ile. Ilijengewa wageni. Sisi wa nyumbani tulilelewa jikoni, tukala jikoni, tukafanyia kazi za shule juu ya meza ya jikoni yenye harufu ya kitunguu, na sebuleni tuliingia kwa mambo matatu tu: kufagia, kusalimia mgeni na kuombewa. Hata marehemu baba, aliyeijenga kwa jasho lake, alikuwa akinywa chai yake jikoni akiwa amekalia kigoda, huku makochi saba yakikaa bure upande wa pili wa ukuta.

Kila kitu sebuleni kina kitambaa. Mama alistaafu ualimu wa shule ya msingi, lakini mikono yake haikustaafu. Akiwa na sindano ya kroshia na uzi mweupe, amefuma vitambaa vya makochi, vya mikono ya makochi, vya meza, vya stuli, cha redio, cha thamosi ya chai. Kuna mahali ambapo kitambaa kimewekwa juu ya kitambaa kingine, ili kile cha chini kisishike vumbi. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kitu kisicho na kitambaa hakijawa mali yetu bado, ni cha kuazima.

Cha kuheshimiwa kuliko vyote ni televisheni. Dada yangu, aliyeolewa Kangari kwenye majani chai, alimletea mama televisheni pana kama mlango uliolazwa. Fundi seremala akaitengenezea kabati humo humo sebuleni, kubwa kiasi kwamba haliwezi kutoka mlangoni hata nyumba ikishika moto. Mama akaifunika kwa kitambaa kirefu, kama bibi harusi. Ile karatasi ya nailoni ya kiwandani inayobandikwa kwenye kioo haijatolewa mpaka leo, kwa kuwa ukitoa karatasi, kitu si kipya tena. Rimoti nayo imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mpira, na ukitaka kuongeza sauti lazima ubonyeze kwa imani.

Ndani ya hekalu hilo ndimo nilimotaka kuingiza kompyuta yangu ya gemu.

Nilikuwa karani katika kampuni moja ya bima kule Nairobi. Asubuhi moja tukaitwa, tukaambiwa kampuni inapunguza watu, na kumbe upunguzaji ulianza na mimi. Nilirudi nyumbani nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, sanduku moja la nguo, na kasha jeusi lenye ukubwa wa debe, lenye ubavu wa kioo na taa ndani zinazobadilika kutoka zambarau hadi kijani. Kasha hilo nililiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa miaka miwili, wakati wenzangu wakinunua mashamba. Kioo chake cha kutazamia kilipasuka njiani, hapo Kenol, gari nililokodi liliporuka tuta ambalo dereva alilijua vizuri, maana alikuwa amenionyesha tukiwa bado mbali. Kwa hiyo nilifika nyumbani nikiwa na ubongo wa kompyuta bila uso wake.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, kwa sababu ndilo lililoniuma. Kwa desturi yetu, mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba wa mama yake. Mimi ni wa pili. Kwa hiyo tangu nizaliwe mama hajaniita mwanangu. Ananiita Baba, maana mimi ndiye baba yake aliyemrudia. Alinilea hivyo. "Baba, vua viatu." "Baba, umekojoa kitanda tena?" Majirani wasiojua desturi zetu walikuwa wakishangaa kuona mwalimu mzima akimfukuza baba yake uani na mwiko mkononi. Babu mwenyewe sikumkuta, lakini nilielezwa kwamba alikuwa mtu wa kazi ambaye jua halikuwahi kumkuta kitandani. Jina hilo nililivaa kama koti la mtu mkubwa, nikitumaini kwamba siku moja litanikaa.

Asubuhi ya kwanza nyumbani mama alichungulia chumbani akasema, "Wewe, chai iko jikoni."

Nikadhani ni usingizi wangu. Siku ya pili, "Wewe, ng'ombe haijakula." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mama hakungoja siku ya tatu, alinipa panga siku ya pili nikakate napia, majani ya ng'ombe. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, nikawa ni wewe, na akizungumza na ng'ombe juu yangu nikawa ni huyu. Hakunigombeza hata siku moja. Alinipikia, akaniwekea kipande kikubwa cha nduma. Jina tu ndilo lililoondoka. Mtu atasema mwanamume mwenye ndevu halii kwa sababu hajaitwa Baba na mama yake. Mtu huyo hajawahi kuitwa.

Na aibu yangu alikuwa ameifunika, kama anavyofunika kila kitu. Kanisani aliwaambia akina mama wa jumuiya yake kwamba mimi niko likizo.

Nilipomwomba televisheni, alikuwa akichambua maharagwe.

"TV ni ya wageni," akasema.

"Mami, nataka kutafuta kazi. Maombi ya kazi siku hizi yanaandikwa kwa kompyuta, na kompyuta yangu haina kioo."

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu yenyewe ilikuwa ile ndogo. Kazi nilikuwa nikitafuta kweli, kwa simu, kila asubuhi. Lakini nilichokuwa nikitamani ni kuwasha ile mashine, nishike pedi ya kuchezea, na kwa saa moja tu niwe mtu anayeweza kitu.

Mama alichambua maharagwe mpaka yakaisha. Kisha akatoa masharti. Kitambaa cha televisheni kikunjwe, kisitolewe. Karatasi ya nailoni isiguswe. Kasha langu likae chini, nyuma ya kochi lake kubwa lililo kwenye pembe, pasipoonekana, "juu hiyo kitu yako inawaka mataa kama baa." Na Alhamisi ambayo zamu ya maombi ya jumuiya itafika kwetu, kila kitu kizimwe.

"Na usiniambie ati hukusikia," akamaliza.

Nikashuka mjini kununua waya. Kuna mfanyabiashara mmoja, Mwislamu mzaliwa wa Nyeri, anayeuza vitu vya umeme karibu na soko, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi cha kukufanya uone haya kufungua mdomo. Nikamwambia nataka waya wa HDMI wa kuunganisha kompyuta na televisheni, mita moja na nusu.

"Televisheni yenyewe imo ndani ya kabati?" akauliza.

"Imo."

"Kabati limejengwa na fundi, halisogei?"

"Halisogei."

"Na hiyo kompyuta utaiweka karibu na televisheni, au bi mkubwa amekupangia mahali?"

Nikaanza kuhesabu pesa zangu.

"Chukua mita tano, bwana. Watu wa huku mnapima waya kwa macho, halafu mnasahau kwamba nyumba ni ya mama."

Mimi niliyeunga kompyuta kwa mikono yangu, nifundishwe urefu wa waya? Nikanunua mita moja na nusu. Nilirudi kesho yake. Aliinama tu chini ya meza akatoa waya wa mita tano, uliokuwa umekunjwa tayari na kuwekwa kando.

Kuunganisha kwenyewe kulinichukua siku nzima. Seremala alikuwa ameibana televisheni kwenye kabati hivi kwamba matundu ya nyuma yangefikiwa na mkono wa mtoto mchanga peke yake. Nililala kifudifudi juu ya kabati, shavu likiwa kwenye sanamu ya ndege wa udongo aliyevalishwa kitambaa, nikapapasa gizani kwa vidole viwili mpaka waya ukaingia. Nikashuka, nikawasha. Televisheni ikaniandikia kwamba haioni kitu. Nikabonyeza rimoti kwa imani, ikaongeza sauti. Nikabonyeza tena, ikabadili lugha ikawa Kichina. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Si hata ungeenda tu saiba, utumie kompyuta ya watu," akasema.

Hatimaye nikapata kile kidude cha kuchagua tundu, na picha ikatokea. Ilikuwa kubwa kuliko televisheni. Kingo zote nne zilikuwa zimekatwa, saa iko nje, maandishi ya chini yamezama kwenye mbao za fundi. Nikahangaika na mipangilio ya televisheni, moja baada ya nyingine, mpaka nikakuta ile inayoiambia ionyeshe picha yote bila kuikuza. Ikatulia. Nikashika pedi. Nikibonyeza, mchezo ulikuwa ukifikiria kwanza, kama karani wa ofisi ya ardhi, ndipo ukafanya. Mipangilio tena, nikatafuta ile ya michezo. Jioni ilipoingia kila kitu kilikwenda sawa, na mimi peke yangu sebuleni kwa mama, nikaketi kwenye stuli, maana makochi sikuyagusa, nikacheka kwa sauti kama mwendawazimu.

Sasa ngoja niungame ni mchezo gani. Watu wanadhani kompyuta kubwa namna hiyo ni ya kupigia bunduki. Mimi mchezo wangu ulikuwa wa kulima. Unapewa shamba katika nchi fulani ya tambarare isiyo na jina, unanunua trekta, unapanda ngano, unafuga ng'ombe, unakamua, unauza maziwa. Nje ya dirisha la sebule ile kuna shamba la kweli, lenye napia ya kweli na ng'ombe wa kweli mwenye njaa. Mimi nililifungia pazia ili nione vizuri shamba la kwenye televisheni.

Siku ya tatu mama aliingia na kusimama nyuma yangu. Alitazama muda mrefu.

"Hiyo ndiyo kazi unatafuta?"

"Nimepumzika kidogo tu, Mami."

"Unapumzika kulima kwa kulima."

Nikangoja pigo. Halikuja. Alikuwa ameinamia televisheni, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hiyo ng'ombe imekonda. Umeipea chumvi?"

"Hapa hakuna chumvi, Mami. Ni nyasi na maji tu."

"Ng'ombe gani haili chumvi? Ndio maana hazitoi maziwa. Na hiyo ngano mbona umepanda hivyo, maji si itabeba udongo yote? Wewe hujui kulima hata ya TV."

Tangu hapo akawa anapita. Hakai, anapita tu. Anapita na ndoo akasema ghala limejaa, uza. Anapita na ufagio akasema trekta ile ya kijani ni ghali bure. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye mkono wa kochi, kitu ambacho sisi tulichapwa kwa kukifanya, akitazama mvua ikinyesha kwenye ngano yangu. Nilifurahi kama mtoto. Lakini alipoinuka alisema, "Wewe, nimechelewa kukamua." Wewe bado.

Jambo jingine lililomshughulisha lilikuwa kasha lenyewe nyuma ya kochi. Aliweka kiganja juu yake, penye matundu madogo madogo, akakiondoa haraka.

"Mbona iko na homa?"

"Inatoa hewa ya moto. Kuna feni ndani."

"Na hii mashimo yote, si vumbi itaingia?"

"Itaingia kidogo. Si neno," nikasema, macho yakiwa kwenye trekta.

Kwa mwanamke ambaye vita vyake vyote duniani ni dhidi ya vumbi, hilo halikuwa jibu. Lakini sikumwangalia usoni. Katika wiki zilizofuata nilimwona jikoni na uzi mweupe mpya, akifuma kitu cha umbo la ajabu, chenye kuta nne na kifuniko. Nikadhani ni cha jiko la gesi la dada yangu. Siku moja hata nilimkuta ameshika kamba amepiga magoti nyuma ya kochi, nikamuuliza amepoteza nini, akasema kifungo. Nikamsaidia kutafuta kifungo.

Alhamisi ya jumuiya ikafika. Tangu asubuhi mama alikuwa akipangusa kisichokuwa na vumbi. Akanikumbusha mara tatu nizime kila kitu changu, na mara ya tatu akaongeza, bila kunitazama, "Na wakiuliza, uko likizo." Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nikasema sawa.

Sasa hapa ndipo mimi, mtaalamu wa kompyuta, nilipofanya ujanja. Ngano yangu ilikuwa imeiva. Katika mchezo ule unaweza kuajiri mfanyakazi akavuna peke yake huku wewe umekaa, ila mashine lazima iwe inakwenda. Nikamwajiri mfanyakazi, nikazima televisheni kwa rimoti, nikaacha kompyuta ikivuna kimya kimya nyuma ya kochi. Nani angejua? Kisha nikatumwa dukani kuleta mikate miwili.

Mama alipoona televisheni imezimika alijua kila kitu kimezimika. Kwake, kama kwa watu wote wa rika lake pale Skuta, kioo kikiwa cheusi mashine imelala, taa za kasha ziwake zisiwake. Kwa hiyo nilipokuwa dukani, wageni wakiwa wanavua viatu mlangoni, alichukua kile kitu alichokuwa akikifuma, akapiga magoti nyuma ya kochi, na kukivisha kasha langu. Kililikaa barabara. Mwezi mzima alikuwa amekifumia vipimo vyake, juu, pande zote nne, na nyuma akaacha tundu dogo lililo wazi kwa chini, la kupitishia waya.

Niliporudi na mikate nikasikia kelele sebuleni. Akina mama wanane walikuwa kwenye makochi, na kwenye televisheni ngano yangu ilikuwa ikivunwa. Mama, kama kawaida ya wageni, alikuwa amewasha awawekee kwaya, na televisheni ikafungukia pale nilipoiacha. Rimoti ilikuwa mkononi mwake ndani ya nailoni yake, naye anabonyeza, na ngano inazidi kuvunwa.

"Wacha hapo, mwalimu!" mwenyekiti wao alikuwa akisema, mama mnene mwenye kilemba cha buluu. "Hii ni wapi? Ona shamba!"

"Hakuna hata jiwe moja," mwingine akasema.

"Na huyo kijana wa trekta hapumziki. Wangu angekuwa ameenda chai mara tatu."

Nikasimama mlangoni na mikate yangu. Ng'ombe wakatokea. Akina mama wakainama mbele wote kwa pamoja.

"Hizo zimekonda," mwenyekiti akatoa hukumu.

"Ni chumvi," mama yangu akasema, na nikasikia kitu sautini mwake, kama fahari iliyoponyoka. "Hao watu hawapei ng'ombe chumvi. Nimesema hata nikachoka."

Wakajadili chumvi. Wakajadili bei ya lita moja kwa kiwanda, na jinsi wanavyoibiwa kwenye mizani. Maombi yalisahauliwa, chai ikapoa. Kwa dakika kama ishirini nilikuwa mkulima aliyefanikiwa kuliko wote katika jimbo letu, na hakuna aliyejua kwamba ni mimi. Kisha televisheni ikawa nyeusi.

Si nyeusi ya kuzimwa. Nyeusi ya ghafla, huku maandishi yakitokea kwamba hakuna kinachoonekana. Kwenye kile kioo cheusi chenye nailoni tulijiona sote, akina mama wanane na vikombe vyao, mama yangu na rimoti yake, na mimi nyuma na mikate.

"Si ufanye kitu, kijana," mwenyekiti akaniambia. "Trekta ilikuwa imebakisha kidogo tu."

Nikaenda nyuma ya kochi. Nikaona kitambaa. Kwanza sikuelewa ninachokiona, kitu cheupe, cha mraba, chenye maua madogo pembeni, kimekaa pale kana kwamba kilikuwepo siku zote. Nikakigusa, kilikuwa cha moto kama chapati. Mashine ilikuwa imezibwa pumzi, ikapandwa na joto, ikajizima yenyewe ili isiungue. Hasira ilinipanda. Miaka miwili ya mshahara wangu, kitu changu pekee! Nikakivuta kile kitambaa, nikakinyanyua mbele ya watu wote.

"Mami, nani ameweka hii?"

Na hapo ndipo nilipoona lile tundu la waya. Lilikuwa limezungushiwa uzi mara mbili ili lisifumuke. Nikakumbuka kamba, magoti yake, kifungo. Nikakishusha kitambaa.

"Ni mimi," mama akasema polepole. "Nilikuwa nakataza vumbi. Imekufa?"

"Haijakufa. Ilikuwa inawaka bado, mimi niliacha. Ilishikwa na joto tu."

"Kwani ni ya nani hiyo kitu?" mwenyekiti akauliza. "Ni yako?"

"Ni yangu."

"Umetoa huko Nairobi yote? Sasa utarudisha tena ukirudi kazi?" Akaniangalia vizuri, na wote wakaniangalia. "By the way, unarudi lini? Hii likizo yako inashinda hata ya walimu."

Nikafungua mdomo niseme sawa, niko likizo, ninarudi mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimejifunza maneno hayo. Lakini mama aliweka rimoti juu ya meza, akainyoosha ikawa sambamba na ukingo wa kitambaa.

"Hakuna likizo," akasema. "Walimfuta kazi. Miezi miwili sasa. Mimi ndio nilikuwa nawadanganya, yeye hajasema kitu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikutegemea kwamba ingeishia sebuleni kwetu, mbele ya thamosi. Nilitamani sakafu ipasuke. Mama hakuinamisha kichwa. Alikaa wima, kama alivyokuwa akikaa mbele ya darasa, mikono magotini.

Aliyesema kwanza alikuwa mama mmoja mwembamba kwenye kochi la pembeni, ambaye miaka yote tulimjua kwa mwanawe injinia aliyeko Dubai.

"Wangu hakupanda hata ndege," akasema. "Ako hapo Kenol. Anauza mayai ya kuchemsha."

"Injinia?" mwenyekiti akashtuka.

"Injinia. Digrii iko kwa ukuta yangu, umeiona."

Mwingine akavuta pumzi. "Wa kwangu yuko kwa nyumba tangu Krismasi. Mkikuja kuniombea huwa namwambia akae bedroom asikohoe."

"Ile siku tuliimba masaa mbili?"

"Alikuwa ndani. Na alikuwa na homa, maskini."

Wakaanza kucheka. Kwanza mmoja akificha mdomo kwa leso, halafu wote, mpaka mwenyekiti akavua miwani kupangusa machozi. Yeye hakuungama kitu. Lakini alipotulia alisema watoto wake waliobaki nyumbani ni wawili, sio mmoja, na akaomba mkate ukatwe. Walisali siku ile sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia, na kwa mara ya kwanza walimwomba Mungu kwa majina yetu halisi na shida zetu halisi, hata Mungu mwenyewe nadhani alishangaa kupata habari za kweli kutoka Skuta.

Walipoondoka, mama alikusanya vikombe. Nilichukua kile kitambaa nikamrudishia. Nilitaka kumwambia pole, na ahsante, na kwamba nilikuwa mjinga, nikasema, "Ni kizuri, Mami."

Alikigeuza mikononi. "Sikujua inapumua," akasema. "Ungeniambia."

"Uliniuliza, nikakujibu vibaya."

"Hukujibu. Uliangalia trekta."

Akaenda nacho jikoni, akakaa kwenye kile kigoda cha baba. Alikata uzi kwa meno, akaanza kukifumua, mstari kwa mstari, kazi ya mwezi mzima ikimrudia mapajani ikiwa uzi uliojikunja. Sikuweza kutazama. Nikachukua panga nikatoka kwenda kukata napia, ingawa ng'ombe alikuwa ameshakula.

Alifuma upya. Sikuuliza. Niliona tu kwamba safari hii mishono ilikuwa mipana, yenye matundu makubwa kama ya wavu wa dirisha. Siku ya tano au ya sita nilikuwa shambani, nimeinama, mkono mmoja umeshika napia, nilipomsikia akiita kutoka dirisha la sebule, lile nililokuwa nikilifungia pazia. Alikuwa amelifungua wazi.

"Baba!" akaita. "Baba, kuja ushike hapa nipime!"

Niliacha panga mle mle kwenye napia, nikaenda mbio.